Kidole Ambacho Hakikuitwa Kidonda

Alhamisi, alasiri.

Ukungu umelala juu ya mabati ya mtaa wetu wa Ibighi tangu asubuhi na haujaamua kama utakuwa mvua. Nimetoka hospitali kuja kuoga na kubadilisha nguo. Maji yako jikoni, hayajachemka. Naandika wakati nayasubiri, maana nikikaa bure nitasinzia hapa hapa kwenye stuli.

Mdogo wangu Tupokigwe yuko hai. Naanza na hilo, kama nilivyofundishwa kuanza habari: kubwa juu, mengine yafuate.

Jana nisingeweza kuandika hivyo.

Tupo ni kitindamimba wetu, mimi ni wa kwanza kuzaliwa. Nilimbeba mgongoni hadi nikawa natembea nimeinama hata akiwa chini. Sasa ni mke wa mtu huko Suma, ana shamba lake la chai, analichuma mwenyewe. Mumewe ni dereva wa malori, na wiki hii yuko ng'ambo ya mpaka, simu yake inapatikana na kupotea. Nyumbani Tupo amebaki na baba mkwe wake, Mzee Anyosisye, mjane, kila mmoja na nyumba yake ndani ya ua mmoja.

Hapa lazima nieleze jambo kwa wasomaji wangu wasiotoka Rungwe, la sivyo yanayofuata hayataeleweka.

Kwetu Wanyakyusa, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Mke akimsikia mkwe anakuja, anapisha njia. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, na mke halitamki jina la mkwe. Siku hizi watu wengi wamelegeza. Wanasalimiana kanisani, wanapanda gari moja, maisha yanaendelea. Kwa Mzee Anyosisye hakuna kilicholegezwa. Tangu mama mkwe afariki na mume awe mtu wa barabarani, wamejitafutia njia yao: Tupo anapika, mzee anakuja nje ya dirisha dogo la jikoni, anakohoa, mkono unatoka na sahani, anaipokea, anaondoka. Miaka inapita hivyo. Wanaheshimiana sana. Tupo huwa ananiambia kwamba hajawahi kupata neno baya kutoka kwa mzee yule, na mimi humwambia hajawahi kupata neno lolote.

Jumanne asubuhi mzee alikohoa na mkono haukutoka.

Akakohoa tena. Akasikia mtu anatapika ndani, kisha kimya. Akaenda kuita majirani, akakuta nyumba zimefungwa, kwa kuwa ilikuwa siku ya kupeleka majani ya chai kwenye kituo cha kupimia na kila mwenye mikono alikuwa shambani. Akarudi. Sijui alisimama muda gani mlangoni. Najua tu kwamba aliingia, akamfunika mke wa mwanawe blanketi, akambeba hadi barabarani na kusimamisha pikapu inayokusanya maziwa. Tupo akalazwa kwenye kiti cha mbele. Mzee akapanda nyuma na madumu.

Alinipigia mwenyewe. "Tuko hospitali. Njoo." Akakata.

Nimeripoti ajali za barabarani, maporomoko ya udongo, na kipindupindu zaidi ya mara moja. Najua kutazama mgonjwa bila kupepesa. Tupo nilimtazama nikapepesa. Macho yake yalikuwa mekundu kama mtu aliyepika kwa kuni mbichi siku nzima. Ulimi ulikuwa mwekundu. Ngozi ilikuwa ya moto na ilikuwa na namna ya kung'aa ambayo sikuielewa. Daktari, kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka Musoma, aliibonyeza kwa kidole gumba, akaachia, akatazama. Aliniambia kwamba kwa mtu mweupe ingeonekana kama ameungua na jua mwili mzima, lakini kwenye ngozi yetu wekundu haujitangazi, lazima uutafute.

Presha ilikuwa chini sana. Kipimo cha malaria kilitoka hakuna kitu. Waliweka dripu mikono yote miwili, wakaanza dawa ya kuua bakteria bila kusubiri.

Daktari aliuliza maswali mazuri. Nayajua maswali mazuri, ndiyo yaliyonilisha. Aliuliza kuhusu hedhi, kuhusu mimba iliyoharibika, kuhusu jipu, kuhusu sindano. Akamwinamia Tupo na kumuuliza taratibu kama ana kidonda mahali popote.

"Sina," Tupo akasema. Ilikuwa sauti ya mtu anayetaka kulala.

Daktari akanivuta pembeni. Alisema anahisi kuna bakteria waliojificha mahali fulani mwilini wanatengeneza sumu. Dripu zinaongeza maji, dawa inasaidia, lakini mahali penyewe pasipopatikana, ni sawa na kuzima moto ambao mtu mwingine bado anautilia kuni. Walimgeuza, wakamkagua mgongo, kwapa, nyayo. Hapakuwa na kitu. Mikono ilikuwa imefungwa plasta za dripu, na vidole vyake ni vya mchuma chai: vyeusi kwa utomvu, vimepasukapasuka, vinafanana vyote.

Nikatoka nje kukaa na mzee.

Alikuwa kwenye benchi la ukutani, ameupa mgongo mlango wa wodi. Mimi si mke wa mwanawe, kwa hiyo anaweza kuongea nami, ila kwa kuwa ni dada wa Tupo huwa ananitazama begani. Nilimhoji kama ninavyohoji shahidi yeyote. Alikula nini? Maji walichota wapi? Aling'atwa na mdudu? Alianza lini kulalamika? Alijibu yote, kwa mpangilio, akilitazama bega langu. Hakuna jibu lililosaidia.

Kisha akanyamaza, na mimi nikanyamaza. Katika kazi yangu mambo mengi nimeyapata kwa kutofanya haraka ya kuuliza swali jingine.

"Mama," akasema, "daktari amemwangalia mkono?"

"Mkono una nini, baba?"

"Mimi mkono wake siujui."

Nikangoja.

"Kidole cha shahada," akasema. "Cha kulia. Ule mpira ulikuwa hautoki. Sahani inakuja na mpira, asubuhi na mpira, jioni na mpira. Juzi ndiyo nimeona umetolewa, na kidole kimepauka kama kitu kilicholowekwa."

"Kwa nini hukusema mapema?"

Kwa mara ya kwanza alinitazama usoni.

"Ningesema nimekiona wapi?"

Mpira anaousema ni kipande cha tyubu ya baiskeli. Wachumaji wanakikata mviringo na kukivaa kidoleni ili mashina ya chai yasiwakate. Kila mtu anavivua jioni. Tupo alikuwa na ufa kando ya ukucha, kuvua kukawa kunamuuma kuliko kuvaa, basi akauacha. Umande wa asubuhi, jasho, maji ya vyombo, vyote vikawa vinakaa humo ndani, joto, giza, bila hewa. Alipoanza kujisikia vibaya akauvua na kunawa vizuri, kwa sababu mtu haendi hospitali na uchafu mikononi.

Nilirudi ndani nikisema kidole kabla sijafika kitandani.

Kilikuwa kitu kidogo cha kuudhi. Ufa mwembamba, midomo yake imefungana, hakuna usaha wa kuonekana, hakuna wekundu wa kutisha. Ningeuona kwangu ningepaka mafuta. Daktari aliufungua kwa kisu kidogo, kikatoka kiowevu cha ukungu, kidogo sana. Wakakisafisha hadi ndani. Wakaongeza dawa ya pili, na hii nilimwomba anieleze, kwa sababu sikuelewa kwa nini dawa ya kuua bakteria haitoshi. Akasema ya kwanza inawaua, ya pili inawazuia kutengeneza sumu wakati wanakufa. Bakteria walikuwa kidoleni tu. Sumu ndiyo iliyokuwa imesafiri.

Baadaye, kwenye korido, alinieleza sumu yenyewe inafanya nini. Niliandika kama ninavyoandika maelezo ya mtaalamu yeyote, nikamrudishia kwa maneno yangu hadi akasema sawa. Nitajaribu kuyaweka hapa.

Kinga ya mwili ina wakaguzi. Chembe moja inakamata kijidudu, inakikatakata na kukishika kipande kidogo juu ya ngozi yake, kama mkulima anayefungua kapu la chai mbele ya karani wa kituo cha kupimia. Chembe nyingine zinapita na kukagua. Kila moja inatambua kipande cha aina yake tu, kwa hiyo kati ya umati mzima ni chache mno zinazosema, huyu namjua, na kuanza kazi. Uchache huo ndio usalama wetu.

Sumu hii haisubiri kapu lifunguliwe. Inamshika mkulima mkono, inamshika karani mkono, inawapeanisha kwa nguvu kutokea pembeni. Karani anaamini amekagua. Anaidhinisha. Na hilo linatokea kwenye vituo vyote kwa wakati mmoja, kwa makarani wengi mno ambao siku ya kawaida wangepita tu.

Kila aliyeamshwa anapiga kelele. Kelele hizo ni kemikali, zinamwagwa kwenye damu kuita msaada. Zikiwa kidogo zinakuletea homa na unapona. Zikiwa nyingi namna ile, mishipa ya damu inalegea na kuanza kuvuja, presha inaporomoka, na figo, ini, moyo, vinakosa damu ya kutosha. Kijidudu kimekaa kidoleni hakijaenda kokote. Kinachomuua mtu ni mwili wake mwenyewe, uliodanganywa kwamba umevamiwa kila mahali.

Nilimuuliza kwa nini Tupo, wakati wachumaji wote wa Suma wana vidole vya namna hiyo. Akasema bakteria hawa tunatembea nao, wengine puani, wengine kwenye ngozi. Si wote wanaotengeneza sumu hii, na watu wazima wengi walikwisha kukutana nayo bila kujua, miili yao inaikamata kabla haijafanya fujo. Wachache hawajapata kinga hiyo. Tupo huenda ni mmoja wao, na atapaswa kujilinda baadaye, kwa kuwa inaweza kurudi.

Nilipenda kwamba alisema huenda.

Jumatano sitaiandika yote. Presha ilipanda, ikashuka, ikapanda. Waliongeza dawa ya kukaza mishipa. Nilishika mguu wake kwa sababu ndipo palipokuwa hapana waya. Ulikuwa wa baridi, kisha ukawa wa baridi kidogo. Jioni presha ikakaa mahali na kubaki hapo, na daktari akasema sasa yamebaki mafigo. Walikuwa wamemwekea mpira wa mkojo wenye mfuko, na mfuko ulikuwa mtupu. Tangu aletwe, karibu hakuna kitu. Kama asubuhi hii ungekutwa hivyo, wangempeleka Mbeya akasafishwe damu kwa mashine, na njia ya kwenda Mbeya daktari hakuwa na imani nayo kwa mgonjwa wa aina ile.

Kwa hiyo nilikaa nikitazama mfuko. Sijawahi kutazama kitu kwa bidii namna hiyo, na nimewahi kusubiri matokeo ya uchaguzi kwenye kumbi za halmashauri.

Leo asubuhi mkojo ulikuja. Mweusi kama chai iliyokaa sana kwenye birika, kidogo, kisha zaidi kidogo. Muuguzi wa zamu, mama mmoja wa Kawetele mwenye sauti ya kuongoza kwaya, alikunja mgongo akausoma, akaandika, akanigeukia.

"Haya, mwandishi. Hii ndiyo ya ukurasa wa mbele."

Nilicheka. Nilipomaliza kucheka nikagundua uso wangu umelowa, na yule mama akawa na kazi ya ghafla kwenye kitanda cha mbali. Nitamshukuru siku nyingine.

Tupo aliamka sawasawa mnamo saa za uji. Nilimlisha vijiko vichache. Alitaka kujua nani anawakamua ng'ombe wao, nikamwambia nitauliza. Nikamuuliza na mimi langu: kwa nini ulimwambia daktari huna kidonda?

Alinitazama kama nimeuliza jambo la kitoto.

"Kile ni cha chai, dada. Kidonda ni kitu kinachokulaza."

"Kimekulaza."

Akafikiri. Akasema basi sasa ni kidonda. Daktari amesema wiki ijayo au ile nyingine, ngozi ya viganja na ya nyayo itaanza kubanduka, isimtishe, ni ishara kwamba mwili unamaliza ugomvi wake. Nilimweleza hivyo, akaitazama mikono yake mbele na nyuma, ile yenye bandeji na ile isiyo nayo. Nikadhani amechoka. Ndipo akauliza nani alimleta.

"Pikapu ya maziwa."

"Na kwenye pikapu nani alinipandisha?"

Sikujibu haraka. Yeye ni mdogo wangu, ananijua ninavyonyamaza. Aligeuza uso ukutani.

"Alinikutaje?" akauliza. "Nilikuwa nimevaa nini?"

Nilimwambia alikuwa amefunikwa blanketi. Ni kweli, nimelithibitisha kwa dereva wa maziwa. Lakini blanketi mtu hufunikwa na aliyekwisha kumwona, na Tupo anajua hilo kama ninavyojua mimi. Alilala kwenye sakafu ya jikoni juu ya matapishi yake, na mtu wa mwisho duniani aliyepaswa kumwona hivyo ndiye aliyemwona.

"Nitampaje sahani tena?" akasema. "Mkono utatokaje pale dirishani?"

Siku mbili nilikuwa nimeogopa atakufa. Sikuwa nimefikiri kwamba akipona atakuwa na hili la kurudi nalo nyumbani. Nilimwambia apumzike kwanza. Ni jibu hafifu. Akafumba macho, machozi yakapita chini ya kope, na nikaona, kwa sababu siwezi kuacha kuona, kwamba mwili wake umeanza kuwa na maji ya kutosha hata ya kulia.

Nikatoka kumpa mzee habari.

Alikuwa kwenye benchi lile lile. Shemeji yake mmoja humletea chakula, na mzee anakiacha nusu. Nikasimama mbele yake na kugundua kwamba sina maneno. Nimeandika mambo mazito kwa majina yake halisi maisha yangu yote na wahariri wamenilalamikia kwa hilo. Lakini huwezi kumwambia mzee wa Kinyakyusa habari za mkojo wa mke wa mwanawe.

"Baba," nikasema, "maji yameanza kushuka."

Aliliangalia bega langu kwa muda.

"Mengi?"

"Yanatosha. Hapelekwi Mbeya."

Akaitikia kwa kichwa. "Ndaga," akashukuru, taratibu, na sidhani alikuwa ananishukuru mimi. Akavua kofia, akaiweka gotini, akainyoosha ukingo wake kwa vidole kana kwamba imekunjika. Nikamwambia Tupo ameamka, amekula uji, ameuliza habari za ng'ombe. Akasema ng'ombe wako kwa jirani. Akasema atarudi leo akawaangalie, sasa anaweza.

Alisimama. Akavaa kofia. Alikuwa amekwisha kupiga hatua kadhaa aliporudi.

"Ameuliza nani alimleta?"

"Ameuliza."

"Mwambie nilifumba macho."

Sikumwelewa. "Lini, baba?"

"Nilipomtoa ndani. Na njia nzima hadi barabarani. Mwambie hivyo. Nilimchukua, lakini sikumwona."

Akaenda zake, chini ya ukungu, mzee mrefu mwenye koti lililomzidi mabega.

Njia ya kutoka kwao hadi barabarani naijua. Inashuka katikati ya migomba hadi kijito, kijitoni kuna gogo moja la kuvukia, kisha inapanda ngazi zilizochongwa kwa jembe kwenye udongo mwekundu, na mvua ikinyesha zinateleza kama sabuni. Mimi nimeanguka pale mchana, nimevaa viatu vizuri, sina nilichobeba, macho nimeyatoa.

Kazi yangu yote imekuwa kuwauliza watu wanajuaje wanachokisema. Huyu sikumuuliza.

Maji yamechemka. Nikishaoga narudi wodini, na Tupo akiamka nitampa ujumbe wa baba mkwe wake neno kwa neno, kama ulivyotolewa, bila kuongeza kitu.